Kava ya Kulia ya Pikipiki ya Mama

12 Februari

Leo Harm Saathoff, mtunza kanisa, amekuja kunywa chai. Amekunywa vikombe vyake vitatu kama inavyopasa, sukari mawe ikipasuka ndani ya kila kikombe, malai juu, na hakusema lolote la maana mpaka alipotumbukiza kijiko ndani ya kikombe kuonyesha kwamba ametosheka. Nilijua basi kwamba ana habari mbaya.

"Mama Theda," alisema, "mwaka huu pikipiki yako haiingii."

"Haiingii wapi?" mama aliuliza. Ana miaka tisini na moja na anasikia vizuri sana akitaka.

"Kanisani. Tumeweka sakafu mpya ya mawe meupe. Ile ya zamani ilikuwa na doa la oili kubwa kama sahani ya keki, pale pale karibu na birika la ubatizo."

"Wewe siku uliyozaliwa ulinichafulia zulia zima na sikukutoa nje."

Harm aliiva uso mpaka masikioni. Mama alikuwa mkunga wa vijiji hivi vya mifereji tangu enzi ambazo daktari alikuwa akija akijisikia. Alikwenda kwa pikipiki hiyo hiyo, mvua, theluji, tope la shambani, mkoba wake mgongoni. Nusu ya watu wanaokaa kwenye viti vya kanisa wapo duniani kwa sababu pikipiki hiyo ilifika kwa wakati. Alipostaafu, mchungaji wa wakati ule aliamua kwamba kila Jumapili ya Pikipiki, mwanzoni mwa Mei, pikipiki zote zibarikiwe uani, lakini ya mama iingie ndani, isimame kando ya birika, na mwisho wa ibada ipigwe kiki humo humo kanisani. Watoto wa hapa wanaisubiri sauti hiyo kuliko Krismasi.

Baraza la kanisa sasa linataka kuingiza ile ya umeme ya Bwana Janssen wa duka la dawa, kwa kuwa haina oili.

"Ile inayolia kama friji?" mama alisema.

Nikauliza: na kama ya mama haivuji? Harm akasema imevuja tangu aijue. Nikamwambia sikumuuliza hilo. Basi tumepatana. Jumamosi moja kabla ya ibada, injini ikiwa ya moto, itasimama ukumbini mwa kanisa juu ya kitambaa cheupe cha meza wakati mpiga kinanda akifanya mazoezi ya nyimbo zote. Likidondoka tone moja, anaingia Janssen na friji yake.

"Nitaifunga upya mimi," nilisema.

"Mwite Folkert," alisema mama.

Naliandika hapa hili ili nisilisahau: mwite Folkert.

15 Februari

Folkert ni mdogo wangu, na tangu ana miaka kumi spana ilikuwa yake, taa ya kumulika ilikuwa yangu. Nimemulika nikiwa msichana, nimemulika nikiwa mke wa mtu, nimemulika nikiwa mjane. Leo amesimama mlangoni mwa banda, mikono mfukoni.

"Dada, hiyo kava inavuja kwa sababu ni kuukuu. Hata wewe ukifika umri huo utavuja."

"Wewe umeifunga mara ngapi?"

"Nyingi tu."

"Na imevuja mara ngapi?"

Alicheka, akaenda zake. Ana kicheko kimoja cha kebehi ambacho kikimtoka tu, mama humsamehe kila kitu.

16 Februari

Mvua.

21 Februari

Nimemwaga oili, nimeanza kazi. Kava ya kulia ndiyo inayofunika klachi, na ndiyo inayovuja, upande wa chini nyuma. Nimechora umbo lake juu ya kadibodi na kutoboa matundu, kila bolti nikaichomeka mahali ilipotoka, maana si zote zina urefu mmoja. Zilikuwa zimekazwa kwa hasira. Moja ilinitoa jasho mpaka nikavua sweta, na nje kuna barafu kwenye mfereji.

Kava haikutaka kutoka. Ningekuwa Folkert ningeingiza bisibisi na kubandua, na naona alama za mahali alipofanya hivyo. Mimi nimeigonga taratibu kwa nyundo ya mpira, huku na huku, ikaachia yenyewe.

Ndani nimekuta gundi. Nyekundu, nyeusi, ya kijivu, tabaka juu ya tabaka kama keki ya harusi. Gasketi yenyewe, ile karatasi ya kuziba kati ya kava na injini, ilikuwa imekauka na kushikamana na chuma. Nimeona aibu kwa niaba ya familia nzima.

22 Februari

Mimi nimepika shuleni maisha yangu yote ya kazi, na hakuna aliyewahi kuona sufuria yangu ina doa. Madirisha yangu watu huyatazama wakipita. Basi nimeichukua kava, nikaleta stilwaya, unga wa kusugulia na maji ya moto, nikasugua mpaka ukingo ukang'aa kama kijiko cha fedha. Na upande wa injini vilevile, nimeziba kwa tambara ndani uchafu usiingie.

Mama aliletwa kwa kiti chake cha magurudumu kutazama. "Inang'aa," alisema. Kwa mama hiyo ni hotuba.

1 Machi

Gasketi mpya imefika kwa posta. Nimeifunga. Imekaa vizuri, kila bolti mahali pake.

3 Machi

Inavuja. Siyo chini nyuma tu. Inavuja pande zote, kama uso unaotoka jasho.

Nilikaa juu ya ndoo nikaitazama. Kisha nikaingia ndani nikasafisha tanuri lililokuwa safi.

5 Machi

Folkert amekuja na bomba la gundi. "Paka hii tu, dada, kama siagi. Jumamosi ile itapita, baada ya hapo nani anajali?"

"Mimi najali."

"Basi unajali vitu vya ajabu."

Nilimwambia aondoke na siagi yake. Mama alinikemea kwamba namfukuza mtu aliyekuja kusaidia. Nimekasirika, na nitaandika waziwazi kwa nini: nina miaka sitini na miwili na bado nataka mama yangu anione.

9 Machi

Nimegundua kosa langu, na ni kosa ambalo watu wa kwetu tu ndio tungelifanya. Nimesafisha mno. Stilwaya imechimba vijistari kwenye ukingo wa kava, laini, huvioni mpaka uulaze chini ya mwanga wa dirisha, na kila kijistari ni mfereji mdogo wa kupitishia oili. Sisi hapa tunaishi kwa kuchimba mifereji ili maji yapite. Ningepaswa kujua.

Chuma hiki ni laini kuliko sufuria. Hakitaki kung'aa, kinataka kunyooka.

10 Machi

Nimechukua kioo kinene cha kabati la zamani, kwa kuwa kioo hakina bonde, nimegandisha juu yake msasa mwembamba kabisa, nikalowesha, nikaiburuta kava juu yake kwa duara, bila kukandamiza. Nimepaka kwanza rangi ya penseli ukingo wote. Palipo juu rangi inaondoka, palipo bonde inabaki. Kazi ya kutuliza roho. Mama alikaa kando na blanketi miguuni.

"Usiisukume," alisema. "Iache ije."

"Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukiwaambia wanawake?"

"Wao niliwaambia wasukume. Waume zao ndio niliowaambia waache."

Tumecheka mpaka akapaliwa. Sikumbuki lini mara ya mwisho tulicheka mimi na yeye bila Folkert kuwepo.

12 Machi

Bado nasaga.

13 Machi

Rangi yote imeondoka. Ukingo umenyooka. Upande wa injini, ambao hauwezi kulazwa juu ya kioo, nimeupitia kwa kijiwe kidogo cha kunolea kilicholowa oili, kidogo kidogo, kisha nikaufuta kwa spiriti mpaka tambara likatoka jeupe.

27 Machi

Gasketi ya pili imechelewa wiki nzima. Leo nimeifunga. Sikuweka gundi hata chembe. Nimepaka grisi kwa ncha ya kidole upande mmoja tu, ili isiteleze wakati wa kuiweka. Pini mbili za kuongozea kava nimezichomeka mahali pake. Bolti zote kwanza kwa vidole, kisha kwa spana fupi, mkabala kwa mkabala, raundi ya kwanza nusu, raundi ya pili zimeshika, raundi ya tatu zimetosha. Nimeshika spana kwa vidole viwili ili hasira isipate pa kuingilia.

28 Machi

Pamekauka. Nimeiendesha mpaka kwenye kinu cha upepo na kurudi, upepo wa baharini ukinipiga ubavuni, mtoto sina, lakini kama ningekuwa naye ningempigia simu. Pamekauka pote!

29 Machi

Siyo pote. Chini nyuma, pale pale pa zamani, asubuhi hii kuna tone. Moja, dogo, lina haya. Limening'inia hapo likinitazama.

2 Aprili

Pasaka. Mayai, mioto mikubwa mashambani, Folkert akichoma nyama. Alimuuliza mama mbele ya wote: "Na fundi wetu anaendeleaje?" Watu walicheka. Mama hakucheka. Niliona hilo.

6 Aprili

Hili ni la kurasa nyingi, basi nichemshe chai kwanza.

Kwa nini pale tu? Ukingo umenyooka, gasketi ni mpya, bolti imekaza. Niliigusa hiyo bolti ya chini nyuma kwa spana: imekaza kabisa, haisogei. Lakini nilipoipapasa kava kandokando yake nikahisi kitu. Ukibonyeza kwa dole gumba, kava inacheza. Unywele tu, lakini inacheza. Bolti imekaza na kava haijabanwa. Inawezekanaje?

Nikaitoa. Nikachukua sindano ya kufumia ya mama, nikaichomeka tunduni mpaka ikagota, nikaweka alama kwa ukucha. Kisha nikailaza kando ya bolti.

Bolti ni ndefu kuliko tundu.

Inagota chini kabla kichwa chake hakijaibana kava. Unakaza, unakaza, mkono unakwambia tayari, na kumbe unakaza chuma na chuma huku kava imekaa hapo bila mtu wa kuishika. Gundi yote ile, miaka yote ile, ilikuwa inaziba pengo la bolti moja isiyo ya hapo. Na mimi kwa uangalifu wangu wote, kwa kadibodi yangu yenye matundu, nimeirudisha kila mara mahali pasipo pake, kwa sababu ndipo nilipoikuta.

Nilipiga kelele bandani. Jirani alichungulia dirishani kuona kama nimeanguka.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Folkert. Alikuwa anapalilia viazi. Nilimwonyesha bolti na sindano. Akaweka jembe chini. Ile kebehi yake iliondoka usoni, na nikamwona mdogo wangu kama alivyokuwa akiwa mtoto.

"Niliipoteza ile fupi," alisema. "Siku ya kwanza kabisa. Ilidondoka mferejini. Nilikuwa na miaka kumi, dada, na mama alikuwa anasubiriwa kwa mzazi kule ng'ambo. Nikatia yoyote iliyoingia."

"Na baadaye?"

"Baadaye kila mtu aliniita fundi. Ungesema wewe?"

Nilitaka kumchapa kwa sindano. Miaka yote anicheke, na kumbe anacheka kwa kuogopa nisije nikafungua! Lakini alikuwa amesimama kwenye matope, mzee mwenye mvi, masikio mekundu, na hasira yangu ilikosa pa kukaa. Nilimwambia: "Hukupaswa kuikarabati injini ukiwa na miaka kumi. Wala mimi sikupaswa kushika taa mpaka nina mvi."

"Nikukatie bolti?" aliuliza. "Nina msumeno na tupa."

"Ikate. Lakini nitaipima mimi."

7 Aprili

Ameileta. Nimeipima kwa sindano. Ilikuwa sawa, na ncha ameilainisha vizuri, isiharibu nyuzi za tundu. Nimemsifu. Ameona haya.

Nimefunga gasketi ya tatu. Folkert alimulika.

8 Aprili

Mama aliniuliza kilichokuwa kimeharibika. Nilisema bolti haikuwa ya pale. Aliuliza nani aliiweka. Nilisema sijui, ni zamani.

"Folkert," alisema mama. "Nilijua kuna kitu amekiharibu siku ile. Alilala na viatu."

"Ulijua, ukaniacha nishike taa?"

Alivuta blanketi lake magotini. Kisha akasema: "Mimi sikujua kuifungua, Frauke. Hata kofia ya plagi sikujua. Niliiendesha tu na kuomba Mungu. Ningejuaje kuwafundisha? Nilimpa mvulana spana kwa sababu baba yako angempa mvulana." Akaniangalia. "Lilikuwa kosa la kijinga. Nimewaleta wasichana wengi duniani, nilipaswa kujua wana mikono."

Nilimkatia keki kipande kikubwa mno.

15 Aprili

Pamekauka.

22 Aprili

Pamekauka. Nimeiendesha kwenye mvua mpaka mjini na kurudi. Pamekauka.

29 Aprili, Jumamosi

Ukumbini mwa kanisa. Kitambaa cha meza kilikuwa cha mke wa Harm, cheupe hadi kinaumiza macho. Nilifika injini ikiwa ya moto, nikaiegesha juu yake. Mpiga kinanda alicheza nyimbo zote, akakosea mmoja, akaurudia, na mimi nikamwambia acheze na zile za mazishi pia kama ana nafasi.

Harm alipiga magoti na tochi. Alitazama. Alivaa miwani. Alitazama tena.

"Umeimwaga oili yote?" aliuliza.

Nilichomoa kijiti cha kupimia oili nikampa. Oili ilikuwa pale pale inapotakiwa. Alikishika kijiti mbele yake kwa muda mrefu, akakirudisha, akajifuta mkono kwenye suruali yake nzuri bila kujua.

"Basi inaingia," alisema.

Nimetembea hadi nyumbani kama malkia, nikiisukuma, ili watu wote wa njia ya mfereji wanione.

7 Mei, Jumapili ya Pikipiki

Niandike kabla sijalala, ingawa bado ni mchana mweupe na mama anakoroma kwenye kiti chake.

Kanisa lilijaa mpaka ngazi za kinanda. Uani pikipiki zilipangwa hadi ukutani, na ya Bwana Janssen ikiwemo, kimya, maskini. Niliiingiza ya mama kwa kuisukuma, injini ya moto, nikaiegesha kando ya birika juu ya mawe meupe yaliyo wazi. Nilikataa kitambaa. Nilimwambia Harm: pikipiki iliyofungwa haivalishwi nepi. Mama alikuwa mbele, nguo yake ya bluu, Folkert nyuma ya kiti chake.

Mtoto wa akina Behrends alibatizwa. Ana mapafu hasa, alilia kanisa zima likasikia. Alirusha miguu kama anaogelea. Kisha mahubiri, ambayo sikuyasikia, kwa sababu macho yangu yalikuwa chini ya injini.

Na chini ya injini palikuwa na tone.

Nililiona mimi. Kisha Harm aliliona. Kisha nikasikia viti vikilia safu baada ya safu watu wakinyoosha shingo. Mchungaji alinyamaza katikati ya sentensi. Nilifikiri: bolti ipi? Ipi? Nilizipita zote kichwani, mkabala kwa mkabala, na kila moja ilinijibu kwamba imeshika.

Harm alitoka kitini. Alipiga magoti mbele ya kanisa zima, akatia kidole kwenye tone, akalinusa. Akalionja.

"Maji," alisema. Halafu kwa sauti, akigeukia watu: "Ni maji ya ubatizo! Ni mtoto wa Behrends ndiye anayevuja!"

Sijawahi kusikia kanisa likicheka hivyo. Mchungaji alilazimika kushika mimbari. Baba wa mtoto alisimama akainamisha kichwa kwa heshima, watu wakapiga makofi.

Na ndani ya kelele hizo mama aliinua mkono, kama alivyokuwa akifanya chumbani kwa mzazi jamaa wakizidi kuongea, na wakanyamaza. Hata leo wananyamaza.

"Kava hiyo," alisema, "imefungwa na binti yangu. Frauke. Peke yake." Akapumzika. "Folkert alishika taa."

Folkert, nyuma yake, aliitikia kwa kichwa. Hakucheka kebehi. Alikuwa na machozi, na mimi pia, na sioni sababu ya kuficha.

Nilipiga kiki. Iliitika mara ya kwanza. Sauti ilipanda mpaka darini, watoto wakaziba masikio na kupiga mayowe ya furaha, na mama alifumba macho, mdomo wazi, akiisikiliza kama mtu anayesubiri kilio cha kwanza. Alipofumbua aliniita kwa kidole. Niliinama karibu na mdomo wake, injini ikinguruma kati yetu.

"Kesho," alisema, "fungua ya kushoto. Haivuji, najua. Nataka nikuone ukiifanya. Na spana nitakupa mimi."